Kata Mbili Kabla ya Chumvi

Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya kufulia nguo, nikaitoa ikiwa bado inawaka. Kabla sijaifuta, jirani yangu wa chumba cha pili alishapaza sauti kutoka uani: "Mchele! Itie kwenye mchele upesi!" Nikakimbilia ndoo ya mchele, nikaifukia humo mpaka isionekane, nikafunika. Ulikuwa mchele wa Supa kutoka Mbeya, kilo mbili na ushei, nilioununua jana yake nikitaraji utufikishe mwisho wa wiki.

Siku mbili nzima nilikaa bila simu, nikiamini mchele unafanya kazi yake. Siku ya tatu nikaifukua. Iliwaka, ikachora mistari ya rangi kwenye kioo, ikazima. Kwenye tundu la kuchajia palikuwa pamejaa vumbi jeupe lililoganda kama uji uliokaukia sufuriani. Punje zilizokuwa zimeizunguka zilinuka sabuni. Nilizichambua nikazitoa, nikaosha mchele uliobaki mara nne, nikapika. Wali ukatoka na harufu ile ile ya sabuni, watoto wakasukuma sahani, nami sikuwalaumu. Nikaumwaga.

Simu iliniuma, maana ilikuwa na picha za mwanangu wa mwisho tangu azaliwe. Lakini nikisema kweli, mkono ulinitetemeka zaidi nilipokuwa namwaga ule wali. Nitaeleza kwa nini, ila kwanza nimalize habari ya simu.

Niliipeleka Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa fundi kijana ambaye mahali pake pa kazi palikuwa pa ukubwa wa kiti. Aliifungua mbele yangu, akanionyesha ukungu wa kijani uliotanda kwenye bodi. "Dada yangu," akaniambia, "mchele haufiki huku. Wewe ulipokuwa unasubiri, maji na sabuni vilikuwa vinakula shaba." Akaniambia kwamba ningeizima pale pale, nikatoa laini na kava, nikaiinamisha tundu liangalie chini maji yatoke, nikaiweka penye upepo wa feni bila kuichaji, kisha nikaiwahisha kwa fundi aioshe kwa spiriti na brashi laini, huenda ingepona. Siku mbili za mchele zilikuwa siku mbili za kuiacha ioze. Baadaye nikasoma kwamba hata kampuni ya Apple, mwaka 2024, iliwaambia wateja wake wasiweke simu iliyolowa kwenye mchele, kwa kuwa chembe ndogo za mchele zinaweza kuidhuru. Ni vumbi lile lile nililolikuta kwenye tundu.

Nilirudi nyumbani na swali ambalo halikuniachia. Kwani mchele haunyonyi unyevu? Mbona kikopo cha chumvi cha bibi kilikuwa na punje za mchele ndani, na chumvi yake ilimwagika kama mchanga mkavu hata masika?

Jibu lilinijia taratibu, kwa kufikiri na kwa kujaribu jikoni mwangu. Chumvi ya kawaida huanza kulowa yenyewe hewa ikishabeba unyevu wa kiasi cha asilimia 75 na kuendelea, na pwani yetu hiyo ni hali ya siku nyingi. Chumvi ya bahari isiyosafishwa sana hulowa mapema zaidi, kwa sababu ina magnesi ndani yake. Mchele mkavu ukikaa humo hunyonya kidogo, tena kidogo tu, kwa sababu umegusana na chumvi pande zote. Na kila unapotikisa kikopo, punje huvunja mabonge. Bibi alizikaanga kwanza kavu kavu mpaka zibadilike rangi, ili ziingie zikiwa na kiu. Punje kumi na tano, ishirini, hazizidi hapo. Maji yaliyojificha chini ya kioo cha simu hayagusani na punje yoyote. Kumbe mchele ulikuwa unanyonya hewa ya ndoo, na ndoo ilikuwa imefunikwa!

Bibi yangu alinilea Pemba, upande wa Konde, katika nyumba iliyokaa juu kidogo ya bonde la mpunga. Mtu aliyekulia mjini huuona mchele ukianzia dukani. Mimi niliuona ukianzia tope. Tulilima, tukapanda, tukapalilia, kisha watoto ndio tuliopewa kazi ya kuamia ndege: unatoka nyumbani alfajiri na debe na kijiti, unapiga mpaka jua linazama, kwa siku nyingi mfululizo, na ukisinzia kidogo chiriku wanashuka kama wingu. Baada ya hapo mpunga unavunwa, unapurwa, unaanikwa, unatwangwa kinuni, unapepetwa. Bibi alipopepeta, punje ikiruka nje ya ungo aliinama akaiokota. Moja. Mgongo wake ulikuwa unamuuma miaka yote niliyomjua, na bado aliinama.

Kwa hiyo nilipomwaga sufuria nzima ya wali wa sabuni, ndiye niliyemuona mbele yangu.

Alikuwa akiniita mke mwenzangu, kwa ule utani wa bibi na mjukuu, na neno alilolirudia mara nyingi ni kwamba chakula hakichezewi. Hata hivyo sijaona nyumba ambayo mchele ulifanya kazi nyingi nje ya chungu kama ile. Imenichukua muda mrefu kuona kwamba mambo hayo mawili hayapingani. Bibi hakuwahi kuchukua mchele wa kuliwa akaupa kazi ambayo ungeshindwa kurudi kuwa chakula. Alitumia maji yake, chenga zake, kumvi zake, yaani maganda, punje zilizogandia mwiko. Kazi zote zilitoka kwenye kile ambacho wengine wangekimwaga.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kutia nguo kanji.

Babu alikuwa na kanzu mbili nyeupe, na moja lazima iwe tayari kwa swala ya Ijumaa. Kwa hiyo Alhamisi bibi alipika wali wa kuchuja, ule wa maji mengi. Maji yakishachemka na kuanza kuwa meupe, kabla hajatia chumvi, alichukua kata yake ya kifuu akachota mara mbili, akayaweka kando kwenye bakuli la bati. Kata mbili, kila Alhamisi. Nilimuuliza siku moja kwa nini asisubiri akichuja, maji si yale yale? Akanijibu kwamba nguo yenye chumvi haikauki. Sikuelewa. Leo naelewa, kwa sababu ni habari ile ile ya kikopo: chumvi huvuta unyevu, na kanzu iliyotiwa kanji yenye chumvi hulegea shingoni kabla mtu hajafika msikitini.

Maji yale aliyachuja kwa kipande cha kanga kuukuu ili chembe yoyote ya wali isipite, maana chembe ikibaki kwenye nguo huungua chini ya pasi na kuacha doa la kahawia lisilotoka. Kwa kanzu aliyaongeza maji mpaka yakawa mepesi kama maziwa yaliyozimuliwa. Kanzu ilikuwa imeshafuliwa na kusuuzwa. Aliichovya ikiwa bado mbichi, akaigeuza ili kanji iingie kila mahali, kisha akaiminya kwa viganja bila kuisokota. Kusokota huacha makunyanzi ambayo kanji huyashika, na pasi haiyaondoi. Aliianika kivulini. Kabla haijakauka kabisa aliitoa, akaikunja ndani ya kitambaa chenye unyevu, akangoja mkaa wa pasi ushike. Sauti ya pasi ile ikipita juu ya kanzu yenye kanji bado ninayo masikioni, kama mtu anayenong'ona "shhh" kwa mtoto. Na ile harufu! Wali na mkaa na pamba.

Kofia alizipa kanji nzito, nzito kama uji wa mgonjwa, maana kofia ya kushonwa kwa mkono ikishafuliwa hulala kama jani lililonyauka. Aliipaka ndani na nje, akaivisha bakuli lililofudikizwa, akaikaza ukingoni kwa vidole, akaiacha humo mpaka ikauke. Ukiitoa, imesimama. Vitundu vyake vidogo alivifungua tena kwa sindano kimoja kimoja, kwa sababu kanji huviziba.

Wanga uliomo ndani ya mchele huvimba maji yakikaribia nyuzi 70 za joto, kisha hupasuka na kutawanyika. Ukipakwa kwenye nguo na kukauka, hufanya utando mwembamba juu ya kila uzi. Utando huo ndio unaoipa nguo ukakamavu, na tena uchafu wa shingo hukaa juu ya utando badala ya kuingia ndani ya uzi. Ukifua, utando unatoka na uchafu wake. Babu alivaa kanzu zile miaka mingi na kola hazikuwa na ule mstari wa manjano.

Neno lenyewe, kanji, limetufikia kwa jahazi. Kwa Kitamil na lugha nyingine za Bara Hindi, kanji ni uji wa mchele au maji yake. Sisi wa pwani tukalishika kwa upande wa nguo, uji tukauachia jina lake.

Nilipoolewa na kuhamia Dar es Salaam nilijiona ninajua kila kitu kuhusu kanji. Idd ya kwanza nilimtilia mume wangu kanzu, ikasimama vizuri, akasifiwa. Baada ya sikukuu ilikuwa bado safi, nikaikunja nikaiweka sandukuni kusubiri Idd nyingine. Nilipoifungua, mende walikuwa wameitafuna kifuani, na penye mikunjo pameota madoa meusi ya ukungu. Nilikaa kitandani nikaiangalia. Kisha nikakumbuka kitu nilichokiona mara mia bila kukitazama: bibi hakuwahi kuhifadhi nguo yenye kanji. Nguo ya kuweka aliifua kwa maji matupu kwanza, akaianika mpaka ikakauka kabisa, ndipo akaikunja. Kanji ni chakula, na kabati lenye chakula huwa na wageni. Kitu hicho hakuniambia kwa sababu hakujua kwamba sikijui.

Kanji haikai pia. Ikilala hadi kesho yake huchacha na kuvutika, na nguo hunuka. Itengenezwe ya siku hiyo.

Wali wenyewe, ule uliogandia mwiko na kingo za chungu, ulikuwa gundi yetu watoto. Tulibandikia tiara. Unakunja karatasi juu ya njiti ya ukuti, unabandika punje mbili za wali wa jana, unazisaga kwa kidole gumba mpaka zigeuke ute, unashikilia ukihesabu hadi ishirini. Tiara zetu zilipasuka katikati ya karatasi, zikanasa minazini, zikapotelea bondeni, lakini kwenye gundi hazikuachia. Nilikuwa mtu mzima nilipofahamu kwamba mafundi wa China, yapata miaka 1,500 iliyopita, walichanganya uji wa mchele wa kunata na chokaa wakajengea makaburi na kuta, na baadhi ya kazi hizo zimesimama hadi leo. Watafiti wa huko waliochunguza mchanganyiko huo waliona kwamba wanga wa mchele ndio ulioifanya chokaa igande kwa chembe ndogo zilizoshikana sana. Nilifurahi kama niliyepewa zawadi. Tulikuwa tukichezea kitu kikubwa bila kujua.

Sasa nywele. Wifi yangu alikuja siku moja na habari kwamba maji ya mchele yanarefusha nywele, na kwamba wapo wanawake China wanaofanya hivyo tangu zama. Ni kweli wapo: ni Wayao wa kijiji cha Huangluo, jimbo la Guangxi, wasio na uhusiano na Wayao wetu wa Tunduru ila kwa kufanana jina. Wanajulikana kwa nywele ndefu sana wanazoziosha kwa maji ya mchele yaliyochachushwa. Basi tukaloweka, tukachachusha siku mbili, nikajipaka, nikafunga kilemba, nikalala nayo usiku kucha.

Asubuhi nywele zangu zilikuwa ngumu. Nilipopitisha kitana zilikatika, nikasikia kabisa zinavyokatika. Hapo nikaziona kofia za babu juu ya mabakuli yao. Nilikuwa nimezitia nywele zangu kanji! Nywele zetu za kipilipili tayari ni kavu, na kanji ikikaukia juu yake huzifanya zivunjike kama njiti. Sisemi maji ya mchele hayafai kabisa. Wifi yangu anaendelea nayo na nywele zake zinang'aa. Lakini yeye huyazimua sana, hukaa nayo robo saa tu, husuuza mpaka maji yatoke safi kabisa, kisha hujipaka mafuta ya nazi. Mimi nimeacha. Kila mtu ajaribu kwa kishungi kimoja kwanza, si kichwa kizima kama nilivyofanya.

Maji ya kuoshea mchele mbichi ni jambo jingine, na hayo ndiyo ninayoyatumia kila siku bila kukosa. Maji ya kwanza yana vumbi na vipande vya kumvi, yale huenda kwenye miche. Bibi aliyamwaga kwenye shina la mndimu uliokuwa nyuma ya jiko. Mimi nina mchicha na pilipili kwenye ndoo zilizotoboka, yanatosha. Ila nimwage siku hiyo hiyo na nimwage kidogo kidogo, kwani yakituama juu ya udongo huchacha na kuleta vijidudu. Maji ya pili, yaliyo meupe na safi zaidi, alioshea samaki. Changu au tasi akishaparuliwa ana ute unaoteleza. Unamsugua kwa maji hayo, wanga unashika ute, unasuuza kwa maji safi, kisha ndimu. Shombo hupungua sana. Nilipohamia Dar nikaona watu wanamaliza ndimu nne kwa samaki mmoja, nikamfundisha jirani yangu, yule yule wa simu. Nami namdai hadi leo kwa sababu sasa nyumba nzima inanyang'anyana maji ya mchele wangu.

Kuna mahali ambapo mchele wenyewe mzima hutumika na kubaki mzima: kuvundika matunda. Embe bivu nusu au parachichi gumu ukilifukia ndani ya ndoo ya mchele huiva mapema kuliko likikaa mezani, kwa sababu tunda hutoa gesi inayoliivisha, iitwayo ethilini, na mchele huizuia isitawanyike. Wengi wanafanya hivyo. Lakini bibi alivundika ndani ya mpunga wenye kumvi, na sababu yake nimeiona kwa macho yangu. Nilisahau parachichi moja kwenye mchele siku tano. Lilipasuka, likaoza, mchele ukalowa na kuota ukungu. Ndani ya mpunga, tunda likipasuka, kumvi ndizo zinazochafuka, mchele uko salama ndani ya ganda lake. Siku hizi sina mpunga, kwa hiyo nafunga tunda kwenye karatasi kwanza ndipo nafukia, na nalikagua kila asubuhi. Ndizi nazivundika peke yake kwenye mfuko wa karatasi, zina harufu kali na wali wa kunukia ndizi haumfurahishi mtu.

Kumvi ni yale maganda magumu ya mpunga, bara wanayaita pumba. Ni kama moja ya tano ya uzito wa mpunga wote, na ukipita kwenye mashine za kukoboa utayaona yamerundikwa kama kichuguu, mara nyingi yanachomwa moto bure. Bibi alitandika bandani kwa kuku, yanakauka haraka na kinyesi hakigandi. Mayai aliyatunza ndani ya chungu kilichojaa kumvi, chungu chenyewe amekiweka pembe ya giza, na yalikaa siku nyingi bila kuharibika kwa sababu kumvi hazipitishi joto na mayai hayagongani. Majivu yake alisugulia sufuria. Hapo nilimwona mama mmoja jirani akishangaa jinsi zilivyong'aa, naye bibi akampa kopo zima. Majivu ya kumvi karibu yote ni silika, kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga na kioo, ila ni laini mno. Ndiyo maana yanang'arisha. Ndiyo maana pia bibi aliyalowesha maji kabla ya kuyashika, vumbi lake lisiingie kifuani, na sisi hakuturuhusu kuyapuliza.

Chenga zilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni chupa ya chai. Rangi ya chai ikishika ndani, tia konzi ya chenga, maji ya moto nusu kikombe, ndimu moja, funga, tikisa. Chenga zinasugua mahali ambapo mkono haufiki na hazipasui kioo cha ndani. Nimeona mtu akitumia mchanga, chupa ikapasuka mara moja. Chenga zile hukaushwa wakapewa kuku.

Ya pili ni kukanda. Chenga zilizoingiwa na fukusi, zisizofaa tena kupikwa, bibi alizijaza kwenye kifuko alichoshona kwa kanga ya zamani. Mgongo ukimsumbua, alizikaanga kavu mpaka zinukie kama bisi, akazirudisha kifukoni, akakilaza kifuko kile mikononi mwangu nimwekee kiunoni. Joto la mchele ni tofauti na la chupa ya maji: linajikunja kufuata mwili na linatoka polepole. Mimi nalitumia siku zangu za mwezi. Mara moja sikupima, nikajiweka tumboni moja kwa moja, nikapata lengelenge lililonichukua wiki mbili kupona. Sasa napima kwanza kwenye mkono upande wa ndani, kisha nakunja kanga mara mbili katikati. Mtoto mdogo simwekei, hawezi kusema kwamba inamuunguza.

Bibi alifariki kabla sijapata mtoto wa kwanza. Walipogawa vitu vyake niliomba kata ya kifuu, hakuna aliyeigombania. Mpini wake umepasuka kidogo, nimeufunga kwa uzi wa katani.

Mkesha wa Idd iliyopita nilikuwa nimebandika mchele, maji mengi, kanzu ya baba watoto inatona kwenye kamba. Binti yangu ana miaka tisa, alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua kitunguu. Maji yakaanza kuwa meupe. Nikanyoosha mkono kuchukua kikopo cha chumvi, akilini nikiwaza mambo ya wageni.

"Mama, bado," akasema.

Akainuka, akaitoa kata ukutani, akachota moja, akachota ya pili, akayamimina kwenye bakuli taratibu yasimuunguze. Kisha akanisogezea chumvi.